Faili la Simu za Wodi

Usiniambie nilifanya kazi yangu. Hilo nimeambiwa hadi nimechoka.

Asubuhi ile seva ya hospitali ilijaa pomoni, simu za wodini zikaanza kukatika. Bosi akaja kusimama nyuma ya kiti changu, anahema. "Fundi, futa hayo mafaili!"

Nikacheka. Ukilifuta faili ambalo programu bado imelishikilia, jina linatoweka lakini nafasi hairudi. Faili kama lile la rekodi za simu halifutwi, linamwagwa. Linabaki palepale, jina lilelile, ndani sifuri. Mwenye akili zake hunakili kwanza kwenye diski nyingine, lakini mimi nilikuwa na mtazamaji, nikajitia ubingwa. "Tazama," nikamwambia, nikabonyeza, likamwagika lote. Simu zikarudi. Bosi akanipiga bega, kichwa kikanivimba.

Saa nne dada yangu, muuguzi, akaingia ofisini kwangu macho mekundu. Mgonjwa wake alifariki juzi mchana, na daktari wa zamu anaapa hakuitwa.

"Nilimpigia mara tatu, kaka. Mara tatu! Kamati inakaa saa sita. Rekodi za simu si unazo wewe? Wakiziona tu, nimepona."

Nilifungua faili huku najua ni tupu. Na linaloniua ni hili: ningemtii yule bosi asiyejua kitu, nikafuta, maandishi yangekuwa bado yameshikiliwa na programu, ningeyavuta yote. Ujuzi wangu ndio uliomponza dada yangu.

Kwenye kamati sikuuma maneno. Faili lipo, nimelimwaga mwenyewe leo asubuhi, nakala hakuna. Daktari alikuwa anakagua kucha zake, mshenzi yule.

Mwenyekiti akavua miwani. "Huyu muuguzi ni nani wako?"

"Dada yangu. Tumbo moja."

"Na kikao kiliitishwa jana."

"Sikujua, mzee. Wallahi sikujua!"

Akamgeukia bosi. Bosi akakohoa. "Mimi nilimwambia afute. Kumwaga aliamua mwenyewe."

"Andika," mwenyekiti akamwambia katibu. "Rekodi zimeharibiwa na ndugu wa mtuhumiwa, saa chache kabla ya kikao."

Nikaruka kusema, nikaambiwa nikae. Dada alikuwa ameshaanza kufungua beji ya kazi kifuani. Nikanyoosha mkono nimsaidie, akausukuma.