Upole wa Mama Remmy

Sauti ya Bertila ilijulikana Makambako nzima. Akimwita kuku wake, madereva wa malori barabarani walipunguza mwendo wakidhani wamegonga mtu. Kwa hiyo kijana wake Remmy alipotaka kumuoa Noela wa Bulongwa, na habari zikaja kwamba shangazi wa binti anakuja kuichunguza familia, ukoo mzima ulishikwa na baridi kali kuliko ile ya Julai.

“Dada,” alisema Anselmi, mdogo wake, “siku hiyo una maneno mawili tu. Karibuni, na asanteni.”

“Na nikiulizwa jambo?”

“Chagua mojawapo.”

Anselmi hakuishia hapo. Alipita kwa majirani kuwafundisha la kusema. Basi shangazi Fidelia alipofika na kuulizia mtaani, Scola muuza nyanya alimwambia Mama Remmy ni mpole kama kondoo, hajawahi kupaza sauti. Gideoni fundi baiskeli akasema mpole kama kondoo, hajawahi kupaza sauti. Wa tatu naye akaimba wimbo huohuo.

Sebuleni, Bertila alimimina chai huku ameuma midomo.

“Mwanao anafanya kazi gani?” aliuliza shangazi.

“Karibuni.”

“Nauliza Remmy, kazi yake.”

“Asanteni sana.”

Anselmi akadakia haraka kwamba kijana ni fundi seremala. Shangazi akamtazama Bertila kwa huruma, kama mtu anayemtazama mgonjwa.

Mlango ulikuwa wazi, na ng’ambo ya barabara wakulima walikuwa wakishusha viazi. Bertila alimwona mama mmoja wa Kifanya amesimama kinyonge mbele ya mnunuzi. Kibarua wa mnunuzi alikuwa amepanda juu ya gunia, anashindilia kwa miguu, kisha anashonea kilemba cha viazi juu yake. Lumbesa! Gunia moja na nusu kwa bei ya moja. Bertila akaanza kuinuka na kikombe mkononi. Anselmi akamkanyaga mguu chini ya meza. Bertila alivumilia. Akavumilia tena. Mnunuzi alipoagiza viongezwe vingine, uvumilivu ukaisha.

“WEWE!”

Chai ilimwagika. Kabla Anselmi hajainuka, dada yake alikuwa ameshavuka barabara.

“Hilo ni gunia au mjamzito wa mapacha? Na ile mizani umeiweka iote jua?”

“Mama, haya hayakuhusu.”

“Yananihusu! Huyu amelima kwenye ukungu, wewe unamlimia kwenye gunia! Fungua! Pima!”

Watu wakajaa. Mnunuzi alitazama kulia, akatazama kushoto, hakuona pa kupitia. Akafungua gunia, akapima. Mama wa Kifanya alicheka mpaka akajifuta machozi kwa kanga.

Shangazi Fidelia alikuwa amesogea mlangoni, karibu na Scola aliyekuja kutazama.

“Si uliniambia hajawahi kupaza sauti?”

Scola akajitanda kanga vizuri. “Ni kweli, shangazi. Hajawahi kuipaza. Ndivyo ilivyo siku zote.”

Bertila alirudi na tope la viazi mikononi. Alijua amemharibia mwanawe. Hakutaka kujificha tena.

“Sasa umeniona,” alisema. “Mimi ndiye huyu. Remmy msimhukumu kwa mdomo wangu.”

“Nilikuwa naondoka,” shangazi alisema. “Watu watatu, maneno yaleyale! Nikasema hawa wanaficha kitu, huenda huyu mama ni mchawi. Niambie: Noela akikukosea, utafanyaje?”

“Nitamwambia. Mtaa utasikia.”

“Kisha?”

“Kisha tutakula. Sijui kulala na kinyongo, kinanipa kiungulia.”

“Na akionewa?”

Jibu lilitoka nje. Mnunuzi alikuwa akiomba radhi kwa sauti, huku amekodolea macho mlango wa Bertila.

Shangazi akavua sweta na kukaa tena. “Nimiminieni chai nyingine. Ile ya kwanza imenywewa na sakafu.”

Anselmi akajikohoza, akavuta kola. “Shangazi, mambo haya nimeyapanga mwenyewe, kwa hekima…”

“Kaa chini!” walisema wanawake wote wawili kwa pamoja, na Bertila akagundua kwamba Bulongwa nako kuna sauti.