Mlinzi wa Kitanda cha Dirishani

Mimi nikifunga mlango narudi kuutikisa. Nikizima jiko natoka, nafika getini, narudi kuliangalia tena, na mume wangu ananisubiri huko nje akipiga mluzi wa kunikera. Ndugu zake wananitania kwamba siku nikifa nitaamka kukagua kama jeneza limefungwa vizuri. Sicheki. Mtu wa tabia hii ana kazi moja tu inayomfaa, na mimi niliipata: nalinda kompyuta za watu.

Wakati huo tulikuwa tunatengeneza mlinzi wa hospitali kubwa ya mjini. Mlinzi mwenyewe ni programu, akili bandia iliyofunzwa kunusa wezi wa mtandaoni. Hospitali nyingine zilikuwa zimeshavamiwa, wezi wakafunga kumbukumbu za wagonjwa, wakachezea mashine, kisha wakadai walipwe ndipo waondoke. Shida ya hospitali ni wingi wa milango. Kuna mapokezi, maabara, duka la dawa, jiko, hadi zile pampu zinazosukuma dawa kwenye mishipa ya wagonjwa, na vyote vimeunganishwa. Mlinzi akikagua kila mlango kwa kina kwa wakati mmoja, mashine zinakuwa nzito, daktari anabofya na kungoja mpaka mgonjwa anaota mvi. Kwa hiyo lazima achague pa kukagua, na mwizi naye anajaribu kukisia amechagua wapi.

Hapo ndipo inapoingia nadharia ya michezo, ambayo jina lake linawafanya watu wadhani tunalipwa kwa kucheza karata. Wazo lenyewe ni jepesi. Ukifuata ratiba, mwizi ataisoma. Basi mlinzi arushe dadu, aende popote itakapomtuma. Dadu yenyewe inapimwa, mlango wa hatari kubwa unaangukiwa mara nyingi zaidi, lakini hakuna mlango unaosahauliwa kabisa. Vipimo hivyo mlinzi alijifunza mwenyewe kwa kushindana na programu ya pili, iliyofunzwa kuiba. Zilikuwa zikipambana kwenye nakala ya mtandao wa hospitali, kutwa nzima, moja ikibuni hila na nyingine ikibuni dawa yake.

Programu ya kuiba ilikuwa ya shemeji yangu, mdogo wake mume wangu. Ofisini walimwita Mwizi, mpaka askari wa getini alikuwa akimfungulia mlango kwa kusema, "Karibu, Mwizi." Jina lilimkaa na alilipenda kupita kiasi. Meza yake ilitazamana na yangu. Alikuwa akitafuna karanga mfululizo, na kila programu yake iliponishinda aliimba chini kwa chini, kwa sauti mbaya ajabu.

Kisha Mama yangu akalazwa katika hospitali ile ile. Alikuwa na ugonjwa wa moyo. Walimpa kitanda cha dirishani, wakamuunganisha na pampu iliyomsukumia dawa kidogo kidogo, dawa ambayo ikipungua moyo unachoka na ikizidi moyo unasimama. Daktari alinieleza hayo kwa upole. Nilichosikia mimi ni kwamba uhai wa Mama umewekwa kwenye namba iliyoandikwa kwenye kioo kidogo, na namba hiyo inapita kwenye mtandao ninaoujua tundu kwa tundu. Tangu siku ile sikutulia. Nilikuwa nikikaa nasimama, nikisimama nakaa.

Kila mchana, saa ya mapumziko, nilikimbilia wodini. Nilimkuta amelala chali, shuka limenyooshwa hadi kidevuni, mpole kama mtoto siku ya kupigwa picha. Nesi wa zamu ndiye aliyenitoa gizani.

"Mama yako huyu usimwone hivi," aliniambia. "Wewe ukiondoka na mimi nikishapita raundi, anashuka. Anakokota stendi ya dripu mpaka dirishani, anatazama barabara. Saa zangu anazijua kuliko mimi."

"Si ubadilishe saa za kupita?"

"Nina wodi nzima, dada. Ratiba naletewa, sipangi mimi."

Nikamgeukia mhusika. "Mama, daktari amekukataza kusimama."

"Nimesimama saa ngapi? Umeniona?"

"Nesi amekuona."

"Nesi ana maneno mengi," alisema Mama, na nesi akiwa amesimama hapo hapo.

Nikirudi ofisini nilifungua ukurasa unaoonyesha mlinzi yuko mlango gani. Kwenye ile nakala wodi ya moyo ilikuwepo, kitanda cha dirishani kilikuwepo, na pampu yake. Nilikodoa macho nikimwona mlinzi amesimama pale pampuni, roho inatulia, kisha dadu inamtoa, inampeleka jikoni. Jikoni kuna nini cha kuibwa, uji? Hesabu niliijua, niliiandika kwa mikono yangu mwenyewe, na nilikuwa nimewaeleza watu wazima wenye tai kwamba mlinzi lazima azunguke. Lakini hao watu wazima mama zao walikuwa nyumbani kwao, wazima.

Mchana mmoja Mwizi alipotoka kununua karanga, niliandika mstari mmoja wa maagizo, ambao ungemfuata mlinzi hadi hospitalini: mlinzi asiondoke kabisa kwenye pampu za wodi ya moyo, dadu iseme isemavyo. Milango mingine itagawana nguvu zitakazobaki. Sikumwambia mtu. Siku hiyo nilikula chakula nikamaliza sahani, jambo ambalo lilikuwa limenishinda tangu Mama alazwe.

Ikafika siku ya jaribio la mwisho kabla ya kuikabidhi hospitali programu yao. Tulisimama mbele ya kioo kikubwa cha kompyuta, mimi, Mwizi na mkuu wetu wa kazi, ambaye tulimwita Bosi. Programu ya kuiba ikaachiwa. Ikabisha wodi ya moyo, ikamkuta mlinzi. Ikazunguka, ikarudi, ikamkuta. Ikarudi tena, yupo. Nilikuwa nikitabasamu peke yangu. Baada ya hapo haikubisha tena pale. Ilikwenda kujibanza kwenye kompyuta ya duka la dawa, ambako siku hizo mlinzi alikuwa haonekani kwa sababu nguvu zake nyingi nilizifunga wodini, na ikaingia bila haraka yoyote.

Ilipokuwa ndani ilifanya kile ambacho duka la dawa hufanya kila siku. Ilituma kwenye pampu agizo la kubadilisha kipimo cha dawa. Agizo lilikuwa halali, lina vibali vyote. Mlinzi wangu, aliyesimama mlangoni kama nilivyomwamuru, alikagua vibali, akaviona viko sawa, akaliacha lipite.

Namba za wodi nzima zikaanza kupanda. Macho yangu yalikuwa kwenye moja tu. Ilipanda, ikapanda, mpaka kisanduku cha kitanda cha dirishani kikawa chekundu. Nilijua ni nakala, nilijua hakuna mgonjwa aliyeguswa, na bado nilinyoosha mkono kukigusa.

"Wiki iliyopita hapa alikuwa hapiti hata nzi," alisema Bosi. "Kumetokea nini?"

Mwizi alikuwa ameacha kutafuna. Alinitazama mimi, akatazama kioo. "Tupe mpaka kesho, Bosi. Huenda kuna kitu nimekichezea upande wangu."

Bosi aliondoka akiguna. Shemeji yangu alikuwa amenibebea uongo ambao sikumwomba, na nilimkasirikia kwa hilo kama vile yeye ndiye mwenye kosa.

"Shemeji," alisema, "umempigilia kigingi mlinzi."

"Mama yuko pale."

"Najua Mama yuko pale. Jana nilimpelekea machungwa, akanituma nikamtafutie viatu vyake."

"Sasa kama unajua, unaniuliza nini?"

"Sikuulizi, nakuambia. Mashine yangu haijui habari za mama wa mtu. Inachojua ni kwamba kuna mlango mmoja ambao mlinzi habanduki. Unadhani iliogopa? Ilishukuru. Ilijua kwingine kote amepungua."

"Na dadu ikimtoa pale, halafu mwizi wa kweli akaingia wakati huo huo?"

"Inawezekana."

"Hivyo tu? Inawezekana?"

"Unataka nikudanganye?" Alijifuta chumvi ya karanga vidoleni, taratibu. "Ukikitoa kigingi, mwizi anabahatisha. Ukikiacha, anajua. Mimi ndiye ninayeiba humu ndani, shemeji. Nakuambia kinachoniumiza mimi."

Nililia, na kilikuwa kilio cha hasira, kwa sababu hakukuwa na neno hata moja la kumbishia. Nikaufuta ule mstari. Kisha nikafuta kingine ambacho hakuna aliyeniagiza nikifute: ruhusa yangu mwenyewe ya kuona mlinzi yuko wapi. Ukurasa ule niliufungua hata kwenye simu yangu, na mtu angeiiba simu hiyo angejua ninachojua, kwa hiyo ilinibidi nisijue. Nilipomaliza nilijaribu kuufungua ule ukurasa. Haukufunguka. Nikajaribu tena, maana ndivyo nilivyo.

Jaribio la kesho yake mlinzi alishinda, Mwizi hakuimba, na Bosi akapokea pongezi kwa niaba yetu. Baada ya siku chache programu ikawashwa hospitalini, kwenye mtandao wa kweli, penye wagonjwa wa kweli.

Asubuhi hiyo kiti hakikunikalika. Nilivumilia kidogo, nikachukua mkoba, nikaenda wodini mapema kabla ya mapumziko ya mchana. Kitanda kilikuwa kitupu. Nikainama kutazama chini yake. Kisha nikamwona, amesimama dirishani miguu mitupu, mkono mmoja ameshika stendi ya dripu, mwingine ameshika pazia, anatazama barabara kana kwamba amelipia.

Alipogeuka hakuona haya hata chembe. Alinuna.

"Mbona umekuja saa isiyo yako?"

 Siku zote zile nilidhani kuja kwangu mchana ni kumlinda. Kumbe alikuwa akiisoma ratiba yangu, analala vizuri nikiwepo, anasubiri nitoke ajiue kwa starehe zake. Nilimshika kiwiko, nikamrudisha kitandani, nikamfunika, naye akanisaidia kwa kulalamika.

"Shemeji yako amesema leo mlinzi wako anaanza kazi," alisema alipotulia.

"Ameshaanza."

"Yuko wapi sasa hivi? Yumo humu?"

Nilitazama pampu. Namba ilikuwa ile ile aliyoipanga daktari. "Sijui, Mama."

"Si wewe uliyemtengeneza?"

"Ni mimi."

"Na hujui alipo."

"Sijui. Anaweza kuwa humu, anaweza kuwa jikoni."

"Jikoni anafanya nini?"

"Analinda uji."

Alicheka hadi akakohoa, nikamshikia maji. Akanirudishia kikombe. "Na huyo mwizi, anajua alipo?"

"Naye hajui."

"Wewe utaweza kulala hivyo?"

"Sitaweza."

"Basi ngoja mimi nilale, tusiteseke wote wawili kwa jambo moja," alisema, akageukia ukutani.

Nilikaa nikiitazama namba. Niliingiza mkono mkobani, nikatoa simu, nikakumbuka kwamba hakuna cha kufungua, nikairudisha. Nesi akapita raundi yake, akaniinulia nyusi, akaenda zake. Nilinyanyuka polepole nisimwamshe Mama. Nilishuka ngazi, nikapita mapokezi, nikafika getini. Hapo miguu ikakataa. Nikageuka, nikapanda ngazi karibu kwa kukimbia, nikasukuma mlango wa wodi.

Alikuwa amelala vile vile, ila mguu mmoja umetoka nje ya shuka, unaning'inia ukingoni mwa kitanda.

"Nilijua utarudi," alisema bila kufumbua macho. "Ndiyo maana sijashuka."

"Na nikiondoka sasa hivi?"

Alifumbua jicho moja, akanipima nalo kwa muda mrefu.

"Sasa sijui kama utarudi," alisema, na mguu akauingiza taratibu ndani ya shuka.