Meza ya Mama Leung

Mwaka 1973 Shemsa binti Mselem alikuwa mpiga vanishi katika karakana ya samani ya Kewal, Balsall Heath, Uingereza. Yeye alitoka Unguja, Kewal Nairobi, kwa hiyo kazini walisemezana Kiswahili. Patasi hakuruhusiwa kuigusa, ingawa alikwisha kumweleza Kewal kwamba marehemu baba yake alikuwa fundi wa milango, na kwamba nakshi nyingi za baba yake alizichonga yeye, uani, watu wasimwone.

Mwezi wa Februari Bwana Leung, mwenye mkahawa, alileta meza ya ukoo wao, ile wanayowekea picha za wazee waliofariki. Ilitoka Hong Kong kwa meli, ikafika vipande kumi na tisa.

"Skrubu nane tu, basi kwisha," alisema Kewal.

Shemsa aliinua mguu mmoja, mzito kama chuma. Hapakuwa na tundu la msumari hata moja. Ulimi wa ubao, ile ncha ya kuingizwa katika kipande kingine, ulikatwa mshazari, uingie mahali pake kwa upande mmoja tu.

"Ukitia skrubu, mti huu utapasuka," alisema. "Nipe siku nne."

"Ukiharibu je?"

"Nifukuze."

Siku ya kwanza alivipanga vipande sakafuni na kuvitia alama za chaki. Siku ya pili akaiunga meza yote; ikayumba, akaifungua tena. Ya tatu ndipo alipofahamu kwamba ubao wa kati, aliokuwa akianza nao, ndio unaoingia mwisho. Aliusukuma kwa kiganja. Ukalia *tak*, na meza nzima ikakazana.

Lilibaki ua moja la nakshi za ubavuni, lililopotea njiani. Alitwaa patasi, akalichonga kutoka mguu wa piano kuukuu, mti wa rangi ileile, akafuata mkono wa fundi aliyeichonga meza hiyo zamani, petali kwa petali.

Ijumaa Bwana Leung alikuja na wanawe wawili na mama yake, bibi mfupi aliyevaa koti la sufu. Bibi hakusalimu mtu. Alipiga magoti, akapapasa chini ya meza akitafuta chuma. Hakukiona. Akawaamuru wajukuu zake wawili waitikise. Wakatikisa kwa nguvu zao zote. Meza haikutoa hata mlio. Akayagusa maua moja moja, akafika la mwisho, akapita asijue.

Alisema neno kwa Kichina.

"Anauliza ni nani aliyeifanya," alitafsiri Bwana Leung.

Kewal alifungua kinywa.

"Mimi," alisema Shemsa.

Bibi alimtazama kuanzia kitambaa cha kichwani hadi viatuni, kisha akacheka kwa sauti, akamshika mikono yote miwili na kuipigapiga.

Wanaume wanne walipokuja kuibeba, Kewal alianza kuwaelekeza. Bwana Leung akamzuia kwa adabu.

"Tumsikilize fundi."

Shemsa akatangulia mlangoni. "Shikeni chini, si ubavuni," alisema. "Haya, inueni!"

Wakainua.