Isale la Rutland

Usiku wa jana, mke wangu akiwa amejivutia blanketi lote, niliota niko Rutland, kaunti ndogo ya Uingereza. Niliingia kwenye ukumbi wa zamani ambao kuta zake zimejaa viatu vya chuma vya farasi, vimetundikwa kichwa chini. Desturi ya pale ni kwamba mkubwa yeyote akipita kwa mara ya kwanza lazima aache kiatu cha farasi.

Niliwaambia mimi si mkubwa, ni mjumbe wa nyumba kumi kule Machame. Viatu vya ukutani vilinong'onezana, vikakubaliana kwamba kwa Rutland nyumba kumi ni nyingi. Nikavua gambuti la kulia, likatundikwa. Niliona fahari sana.

Hapo akaja mzee mmoja mfupi, kimo cha ndoo. Alikuwa Rutland mwenyewe. Suruali yake ilikuwa imelowa, kwa sababu waliwahi kulijaza bonde lake maji ili miji ya jirani ipate kunywa. Kanisa lilikuwa limesimama ndani ya ziwa hilo, limepandisha kanzu magotini, linalalamikia baridi.

Mzee Rutland alinieleza anavyoishi: kondoo, shayiri, mawe ya kutengenezea saruji. Kisha akaanza kulia. Mwaka 1974 serikali ilimweka chini ya jirani yake, kaunti ya Leicestershire, akamezwa mzima. Alitapikwa mwaka 1997. Na leo jirani huyo amealika wageni chakula cha mchana.

"Mjumbe," akasema, "mle ndani kuna giza, na hakuna anayekuita kwa jina lako."

Maneno yale yaliniuma. Sijamjibu bado, ukumbi unakuwa shamba la shayiri, na Mama Leicestershire huyu hapa, mrefu kama mnara wa simu, anafuma soksi huku anatembea. Kwapani ana jibini. Ananisalimu kwa heshima, anauliza habari za nyumbani, kisha anasema amekuja kuchukua mboga yake.

Namwambia huyu ni mtu mzima mwenye historia yake. Anasema historia haishibishi, na mpaka wenyewe hauonekani. Natazama. Kweli, shayiri tupu huku na huku.

Hapo ndipo nilipowashangaa Waingereza. Wamejenga reli hadi kwa watu wasiowaomba, wakashindwa kupanda masale. Kwetu Wachagga jani hilo la mpaka likishasimama kati ya vihamba viwili, mashamba yetu ya migomba, hata mlevi hulizunguka. Nikanyoosha mkono. Mkono ukaenda, ukavuka bahari, ukaipita Moshi, ukafika nyumbani na kung'oa isale la kwanza uliloligusa. Nikalipanda miguuni pa yule mama.

"Mama," isale likasema kwa upole, "hapa ndipo mwisho."

Mama Leicestershire alilitazama. Akafuma mstari mmoja wa soksi. Akasema angeambiwa mapema asingealika watu, kisha akageuka na kwenda zake na jibini lake. Mzee Rutland alinikumbatia goti, nami nikalia pamoja naye.

Niliamka na furaha ambayo sijaipata tangu nichaguliwe. Nikatoka nje kupiga mswaki. Kwenye mpaka wa kihamba changu na cha jirani yangu Munisi palikuwa na shimo bichi, isale hakuna. Munisi mwenyewe alikuwa ameshaamka. Alikuwa anapanda mgomba, hatua tatu ndani ya kwangu.

Alinisalimu vizuri sana. Nikamuuliza anafanya nini.

"Mpaka siuoni, Mjumbe," akasema. "Kama nimekosea, peleka kesi."

Kesi za mipaka huletwa kwangu. Nimekaa kibarazani tangu asubuhi nikitafuta namna ya kueleza kwamba shahidi wangu yuko Uingereza, amesimama kwenye shayiri, na kumwita siwezi, maana nikimng'oa tu, yule mzee ataliwa.