Jina la Duka Mwishoni mwa Wimbo

Barua ilifika Newala ndani ya bahasha ya kaki, imeletwa na kondakta wa basi la Masasi. Rukaiya aliipokea akidhani ni vyeti vya mteja vya kutolewa kopi. Aliifungua akiwa amesimama nyuma ya mashine, mwalimu mmoja akisubiri mitihani ya darasa lake. Alipofika mstari wa tatu akaketi. Alipofika wa tano akamwambia yule mwalimu, "Samahani, mwalimu, mashine imegoma." Mashine ilikuwa inanguruma vizuri mbele ya macho yao wote wawili. Mwalimu aliitazama mashine, akamtazama Rukaiya, akakusanya karatasi zake, akaondoka.

Barua ilitoka kwa wakili wa Masasi aitwaye Chrispin. Aliandika kwa niaba ya Zabroni, mwanamuziki wa Chiwata, ambaye nyimbo zake za gitaa zilikuwa zinapigwa kila harusi kuanzia Masasi mpaka Tandahimba. Zabroni alikuwa amerekodi wimbo mpya, "Njia ya Makote", na alikuwa hajautoa. Lakini tangu mwanzoni mwa Julai wimbo huo ulikuwa umezagaa mtandaoni, watu wanaupakua na kurushiana, na kila nakala iliyopatikana ilikuwa na jina la duka moja mwishoni. Picha ya skrini ya simu ilikuwa imeambatanishwa ili pasiwe na ubishi: *Zabroni – Njia ya Makote – Rukaiya Steshenari Newala*.

Alipewa siku saba za kufika ofisini kwa wakili kujieleza. Asipofika, atashtakiwa kwa kukiuka hakimiliki, atadaiwa fidia, na suala la kusambaza kazi ya mtu bila idhini litapelekwa polisi, kwa kuwa hilo ni kosa la jinai pia.

Kwa miaka sita Rukaiya alikuwa na duka lile jirani na soko. Alitoa kopi, alipiga picha za pasipoti, alichapa barua za maombi ya kazi na kadi za harusi. Ila kilicholiweka duka mjini kilikuwa nyimbo. Watu walikuja na memori kadi za redio zao ndogo, zile wanazoning'iniza kwenye tawi wanapopalilia mikorosho, wakasema, "Mama Mwanaheri, nijazie." Naye aliwajazia. Nyimbo alizipakua mtandaoni, nyingine alizitoa kwenye simu za wateja, nyingine hakukumbuka zimetoka wapi. Fundi mmoja alimwekea programu ya kuzihamisha, na programu hiyo ilibandika jina la duka mwishoni mwa kila wimbo uliopita kwenye kompyuta yake. Rukaiya aliipenda. Aliona ni tangazo la bure. Siku moja alikuta jina la duka lake kwenye simu ya abiria huko Mtwara, akatabasamu njia nzima.

Sasa lile jina lilikuwa limemwekea kidole kifuani.

Alifunga duka saa nane mchana, jambo ambalo hakuwahi kulifanya isipokuwa kwenye misiba. Mumewe, Lukmani, alikuwa ametoka kupulizia mikorosho dawa ya salfa shambani, nyusi zake zimegeuka njano. Aliisoma barua mara mbili akiwa amechuchumaa uani.

"Futa kila kitu," alisema. "Kompyuta yote. Wakikuuliza, hujui wimbo wala hujui Zabroni ni nani."

"Baba Mwanaheri, jina langu lipo pale."

"Jina mtu yeyote anaweza kuliandika."

"Ni kweli. Lakini mimi sijui kama sikufanya. Hilo ndilo linalonitisha. Nyimbo zinapita mikononi mwangu mamia kwa mamia. Sijui kama nao ulipita."

Lukmani aliikunja barua, akamrudishia. Halafu akasema maneno ambayo Rukaiya alimshukuru kwayo baadaye: "Basi kaangalie kwanza, kabla ya kufuta."

Asubuhi yake aliingia dukani akajifungia. Aliutafuta wimbo kwenye kompyuta, akaukuta. Lakini pembeni yake kulikuwa na tarehe na saa ulipopita: Jumanne, tarehe pili Julai, saa tano asubuhi. Rukaiya akachukua daftari la kazi za kuchapa. Jumanne ile, asubuhi ile, kulikuwa na kazi moja tu: mabango hamsini ya uzinduzi wa albamu ya Zabroni, ukumbini Masasi.

Akakumbuka. Alikuja dada mmoja mrefu, mcheshi, amesuka nywele kwa uzi mwekundu. Alisema mashine za Masasi zimeharibika, naye alikuwa na safari ya Newala, ndiyo maana ameleta kazi huku. Alitoa flashi yenye picha ya bango. Wakati mabango yanachapwa, akaomba, "Humu kuna wimbo, naomba uniwekee kwenye simu nisikilize njiani." Rukaiya akauhamisha kama anavyohamisha nyimbo zote. Hakuusikiliza. Hakumpa mtu mwingine. Alipekua orodha ya siku zote zilizofuata, mstari kwa mstari, macho yakimuuma. Ule wimbo ulitoka mara moja tu, kwenda kwenye simu moja tu.

Kwa mara ya kwanza tangu jana alivuta pumzi ikafika chini. Hakuwa ameuvujisha.

Lakini orodha ile haikuwa na wimbo huo peke yake. Zabroni alikuwemo mara nyingi mno. Nyimbo zake zote za zamani, mwaka juu ya mwaka, kwenye kadi za watu wa Newala, Makote, Kitangali. Na si Zabroni tu. Rukaiya aliifunga ile orodha kama mtu anayefunika chungu kinachochemka.

Siku ya tano alipanda basi la asubuhi kwenda Masasi. Alikuwa amevaa baibui lake jeusi la heshima, na mkobani alikuwa na barua, daftari, na orodha yote aliyoichapa. Basi liliteremka kutoka juu ya nyanda, ukungu ukabaki nyuma, joto la Masasi likampokea pamoja na ile milima yake ya mawe. Ofisi ya wakili ilikuwa juu ya duka la dawa za kilimo. Ngazi zilinuka salfa, akamkumbuka mumewe, akapata nguvu kidogo.

Ndani kulikuwa na watu watatu. Wakili Chrispin alikuwa kijana kuliko alivyomtarajia. Zabroni alikuwa mtu mzima, mwembamba, na koti lake lilimpwaya mabegani. Hakufanana na sauti yake hata kidogo. Na pembeni yake aliketi yule dada mrefu. Uzi wa nywele safari hii ulikuwa mweusi.

"Huyu ni dada yangu, Queen," Zabroni alisema. "Ndiye anayesimamia kazi zangu."

Queen alimtambua papo hapo. Rukaiya aliliona hilo: uso ulimbadilika, macho yakaanguka sakafuni, mikono ikaanza kukunja na kukunjua pindo la kitenge.

"Shikamoo, kaka," Rukaiya alimwambia Zabroni, kwa kuwa alimzidi umri.

"Marahaba."

Wakili alieleza kwa sauti ya upole, na upole ule ulimtisha Rukaiya kuliko ukali. Kampuni moja ya Dar es Salaam ilikuwa imekubali kuuza albamu ya Zabroni, kwa sharti kwamba wimbo huo usisikike kabla ya siku yake. Ulipozagaa, kampuni ikasimamisha mkataba. Uzinduzi ukaahirishwa. "Mteja wangu amefanya kazi hii miaka mitatu," alisema. "Mtu akikopi wimbo wa mwenzake na kuusambaza, hata akisema hakujua, hasara inabaki palepale. Tunataka kusikia kutoka kwako, mama. Uliupata wapi?"

Jibu lilikuwa mdomoni. Lilikuwa limekaa kwenye kiti, mita mbili kutoka kwake, linakunja kitenge. Rukaiya angenyoosha kidole tu, mambo yakaisha. Lakini alimtazama Zabroni, mtu aliyepoteza mkataba, akawaza: nikisema hili peke yake nitakuwa nimesema nusu, na nusu nyingine nitarudi nayo nyumbani.

"Nitaanza na nilichofanya," alisema. Akatoa ile orodha, akaiweka mezani, akaigeuzia upande wa Zabroni. "Kaka, huu wimbo mpya sikuusambaza mimi, na nitaeleza. Lakini hizi nyingine ndizo kazi zako za nyuma. Miaka sita nawajazia watu kwenye kadi zao. Nilijiambia wananilipa umeme na muda wangu. Sikuwahi kujiuliza wewe unalipwa nini. Hata siku moja."

Zabroni alivuta ile orodha, akaanza kuisoma taratibu, kidole kikishuka jina kwa jina.

"Hii ya mwaka wangu wa kwanza ipo," alisema. "Nilidhani hii hakuna anayeikumbuka." Akaendelea. "Hata hii. Watu wa Kitangali wanaisikiliza hii?"

"Wanaiomba kila wiki," Rukaiya alisema, kisha akaona aibu, kwa sababu ilikuwa kama anajisifu kwa mali ya mtu mwingine.

Ndipo Queen alipoanza kulia. Hakulia kwa sauti. Machozi yalimtoka tu.

"Kaka," alisema. "Mama huyu usimshtaki. Wimbo niliutoa mimi."

Zabroni aliinua kichwa.

"Siku ile nilipokwenda kuchapa mabango, nilimwomba aniwekee kwenye simu. Niliusikiliza njia nzima mpaka nikalia. Nikaurusha kwenye kikundi cha ukoo. Niliandika, jamani, sikilizeni kaka yetu alivyofika, msimpe mtu." Alifuta uso kwa kiganja. "Kesho yake nikausikia stendi unatoka kwenye simu ya muuza maji. Nikaogopa. Ile barua ilipoandikwa nilisema moyoni, labda hatakuja. Labda itaishia hapo."

"Watu wangapi kwenye kikundi?" wakili aliuliza.

"Arobaini na kitu."

Wakili aliweka kalamu chini. Zabroni alimtazama dada yake muda mrefu, na Rukaiya akajiandaa kusikia ukali. Badala yake yule mtu alijifunika uso kwa mikono miwili, mabega yakaanza kutikisika. Ilichukua muda kujua kwamba anacheka.

"Shangazi Dorika," alisema akihema. "Ni shangazi Dorika tu. Umempa shangazi Dorika wimbo, ukamwambia asimpe mtu!" Akacheka tena, machozi yakamtoka naye. "Nilikuwa sijalala wiki tatu, Queen. Nilidhani nina adui. Nilikuwa nawahesabu watu wote niliowahi kugombana nao. Kumbe ni nyie mlionipenda."

"Nisamehe."

"Nitakusamehe. Leo niache kwanza nipumzike."

Wakili alisubiri hali itulie, kisha akarudi kwenye kazi yake. Alisema kampuni ya Dar es Salaam ilikuwa inataka jambo moja hasa: kujua kwamba hakuna genge linaloiba kazi za Zabroni studioni. Maelezo ya Queen kwa maandishi, pamoja na orodha ya Rukaiya yenye tarehe na saa, yangetosha kuonyesha wimbo ulivyotoka. Aliinua simu mbele yao wote, akazungumza na mtu wa kampuni, akaitikia mara kadhaa. Alipokata alisema, "Wanaendelea. Wanasogeza tarehe hadi Septemba. Wanataka nakala zilizo mtandaoni ziombewe kuondolewa, na hiyo ni kazi yangu."

Zabroni aliegemea kiti kama mtu aliyetuliwa gunia la korosho.

"Na huyu mama?" wakili akauliza. "Kwa zile za nyuma, madai unayo kisheria. Umezikuta mezani, kwa mkono wake mwenyewe."

Rukaiya aliuvuta mkoba wake magotini.

"Angekuja kukana," Zabroni alisema, "ningemfikisha mahakamani. Simshtaki." Akamgeukia. "Lakini dada, zifute. Zangu na za wenzangu, zote, na hiyo programu yako uitoe. Halafu wakili atuandikie karatasi. Ukitaka kuuza nyimbo zangu, uziuze kwa ruhusa, na mimi nipate changu. Huko Kitangali unawajua wewe, mimi siwajui."

Wakili aliandika ahadi hiyo kwenye kurasa mbili, akaisoma kwa sauti, akaeleza kila kifungu. Alimwambia kwa nyimbo za wasanii wengine itabidi aombe idhini yao vilevile, au aache kabisa. Rukaiya alisema ataacha, mpaka atakapopata idhini. Alisaini.

Queen alimfuata mpaka chini ya ngazi. Walisimama mbele ya mifuko ya dawa, jua la Masasi likiwachoma utosini.

"Ulinijua ulipoingia?"

"Nilikujua."

"Mbona hukunitaja?"

Rukaiya alifikiri kidogo. "Nilikuwa na yangu ya kutaja kwanza," alisema. "Baada ya hapo, kama ungenyamaza, ningekutaja. Nisikudanganye."

Queen alicheka kwa mara ya kwanza siku ile, akamshika mkono, akampeleka kwa mama ntilie aliyemjua. Walikula wali na samaki, wakaongea habari za watoto.

Ndani ya basi la kurudi Rukaiya alimpigia Lukmani. "Yameisha," alisema. "Hawanishtaki." Upande wa pili alimsikia mumewe akisema alhamdulillah, kisha akamwita binti yao Mwanaheri kwa sauti kubwa amwambie. Rukaiya alitaka kumsimulia yote, lakini usingizi ulimchukua simu ikiwa bado sikioni. Hakusikia basi likipanda mlima. Kondakta ndiye aliyemgusa bega, basi likiwa limeshasimama na abiria wote wameshuka.

"Mama, Newala hapa."