Ukuta wa Chumba cha Sindano

Skrini iligeuka buluu wakati Mama Rula akichora kidato cha tisa cha ngazi ya nyuma ya zahanati. Hakupiga kelele. Aliutoa mkono kwenye mausi taratibu, akauweka pajani, akayatazama maandishi meupe yaliyosema kompyuta imepata tatizo na itajiwasha upya yenyewe. Ilikuwa Jumatatu, saa nne asubuhi, na hiyo ilikuwa mara ya tatu tangu anywe chai.

"Imekufa tena?" mama mkwe aliuliza kutoka jikoni.

"Haijafa, mama. Ingekufa ningeizika nikapumzika."

Alikuwa mchora ramani za majengo, na jina hilo la Mama Rula alilipata kwa sababu hata orodha ya vitu vya sokoni aliipigia mstari kwa rula. Kazi aliifanyia nyumbani, kwenye pembe ya chumba cha kulia. Meza ilikuwa imesukumwa hadi dirishani, na chini yake kompyuta ilikaa ubavu wazi, maana alishachoka kufungua na kufunga skrubu. Ramani ya upanuzi wa zahanati ilitakiwa kwa mhandisi Ijumaa.

Matatizo yalianza wiki tatu nyuma. Mdogo wa mumewe alikuwa fundi kompyuta, kijana mwembamba ambaye ukoo mzima ulimwita Waya. Mama Rula alikuwa amemchorea kaunta ya duka lake jipya, naye kwa shukrani akamletea RAM moja, akaichomeka mwenyewe kando ya ile iliyokuja na kompyuta.

"RAM ndiyo kumbukumbu ya muda," alimweleza mama yake aliyekuwa akichungulia. "Ni kama meza. Mashine inatandaza juu yake kazi inayofanya sasa hivi. Shemeji alikuwa na meza moja, nimemwongezea ya pili."

Wiki ileile kompyuta ikaanza vituko. Mara igande, mara izime, mara ikatae kufungua faili iliyoifungua jana bila taabu. Waya alikuja. Akasema ni virusi, akanakili faili pembeni, akafuta kila kitu akaweka mfumo upya. Siku mbili baadaye skrini ikawa buluu. Akaja tena, akasema ni vumbi, akapuliza feni hadi chumba kizima kikapiga chafya. Safari ya tatu akasema ni pawa saplai, kile kisanduku kinachoigawia mashine umeme, akaibadilisha. Kila mara aliondoka akijipangusa mikono na kusema, "Sasa imepona kabisa, shemeji." Mama Rula alifika mahali akawa akilisikia neno "imepona" anakimbilia kuhifadhi faili.

Jumanne mhandisi alipiga simu.

"Mama Rula, huu ukuta wa chumba cha sindano una urefu gani?"

"Mita tano nukta nne."

"Rasimu uliyonitumia inasema saba nukta nne. Nikijumlisha vyumba vya upande huo, vinatoka nje ya uzio. Yaani muuguzi atachoma sindano barabarani." Hakucheka. "Kosa hili ningelitegemea kwa mwanafunzi, si kwako."

Masikio yalimwaka moto. Alifungua daftari alilokwenda nalo kupima kiwanja: tano nukta nne. Akatafuta nakala aliyoichapisha wiki iliyopita: tano nukta nne. Akafungua faili: saba. Tangu siku ile ya kuchapisha hakuigusa namba hiyo. Aliifungua tu faili, akachora mlango upande mwingine, akahifadhi.

Mashine inayozimika humpotezea mtu kazi, na hilo analiona kwa macho. Hii sasa ilikuwa inambadilishia maneno nyuma ya mgongo wake. Mtu akisahau jina lako utamsamehe, lakini akikuambia kwa uhakika kwamba wewe ni mtu mwingine, hapo kichwa ndicho kibovu. Kumbukumbu! Na katika kumbukumbu za kompyuta ile, ngeni ilikuwa moja tu.

Akampigia Waya.

"Shemeji, tatizo ni ile RAM yako."

"RAM yangu? Niliipima."

"Uliipima muda gani?"

"Niliipima, shemeji. Ni kazi yangu."

"Basi ni mbovu na hukujua, au ulijua. Tangu uichomeke sijapata amani ndani ya nyumba hii. Mhandisi ananiona sijui kuhesabu!"

Waya akasema kwa sauti ya chini, "Nimekuletea zawadi, unaniletea kesi. Itoe. Nirudishie." Akakata.

Mama mkwe alikuwa amesimama mlangoni na sahani mkononi. Aligeuka nayo, akarudi jikoni. Mume aliporudi kazini alikuta habari zimeshapangwa mezani kabla ya chakula.

"Ungeongea naye taratibu," alisema. "Yule ni mdogo wangu."

"Na huu ni mkate wetu," Mama Rula akajibu, akimwonyesha kompyuta kwa kijiko. Aliichomoa RAM ya shemeji, akaifunga kwenye karatasi, akampa mumewe aipeleke dukani kesho yake akielekea kazini.

Jumatano asubuhi aliwasha mashine ikiwa na RAM ile ya zamani peke yake. Akasahihisha ukuta. Akamaliza ngazi. Saa tano ikaganda. Akaiwasha tena. Saa tano na robo ikawa buluu. Kabla ya adhuhuri ilikuwa imezima mara sita, mbaya kuliko siku yoyote ya nyuma.

Alipiga meza kwa kiganja hadi kikombe cha kalamu kikaanguka. Alitamani kulia lakini machozi hayakutoka, ikatoka sauti tu, kama ya mtu aliyejigonga kidole cha mguu. Tena angefanya nini? Ile RAM aliyoishuku ilikuwa dukani kwa mwenyewe, imefungwa kwenye karatasi kama kidhibiti cha mahakamani, na yeye alikuwa ameshamtukania mtu ufundi wake.

Mtu mzima akivuliwa nguo huchutama. Alijifunga kitambaa, akaenda dukani kwa Waya kwa miguu.

Waya alikuwa nyuma ya kaunta ile ile aliyochorewa, akichomelea waya za spika. Hakuinua kichwa.

"Karibu, shemeji."

"Nimekuja kuomba ile RAM."

"Si mbovu?"

"Sijui. Ya zamani ikiwa peke yake inazima zaidi." Akameza mate. "Nilikusemea vibaya kabla sijajua. Nisamehe."

Fundi akakiweka chini chuma cha kuchomelea. Alionekana kama mtu aliyejiandaa kwa vita akakuta uwanja mtupu. Alijikuna shingo.

"Na mimi nilikudanganya kidogo," alisema. "Nilizipima zote mbili kwa dakika kumi tu. Kipimo kizuri kinataka saa nyingi, na mteja alikuwa ananisubiri." Akatoa flashi kwenye droo. "Washa mashine kwa hii. Itapima RAM kabla mfumo haujaamka. Moja moja, shemeji. Sloti ileile, tundu lilelile. Na usikatishe, hata ukiona ni safi. Ubovu mwingine hutokea mashine ikishapata joto."

Alhamisi saa mbili asubuhi alianza na ile ya zamani. Skrini ikajaa namba zinazokimbia. Mzunguko wa kwanza ukaisha bila kosa hata moja. Moyo ukamshuka: kama hii ni nzima na ile ni nzima, basi mgonjwa ni nani? Akaenda kufua, akarudi, mzunguko wa pili ulikuwa katikati. Akaenda kuanika. Aliporudi, skrini ilikuwa nyeusi.

"Mama! Nani kazima?"

"Nimechomeka pasi," mama mkwe alisema kutoka chumbani. "Si haikuwa na mtu? Namba zinapita zenyewe tu, nikasema umeme unapotea bure."

Mama Rula alishika ukingo wa meza kwa mikono miwili. Akahesabu hadi ishirini. Kisha akachomoa pasi, akachomeka kompyuta, akaandika karatasi kwa herufi kubwa USIGUSE, akaibandika ukutani juu ya soketi, na kwa mazoea akapiga mstari chini kwa rula. Akaanza upya.

Saa saba mchana, mzunguko wa tatu, mstari mwekundu ulitokea. Halafu mwingine. Halafu ikawa mvua. Alisimama akiitazama mistari ile bila kupepesa macho. Alizima, akaihamishia RAM ileile kwenye sloti ya pili asije akaisingizia na hii kumbe ni sloti. Myekundu tena, safari hii mapema zaidi. Akaitoa, akaweka ya Waya. Ilipimwa hadi jioni, na Ijumaa ikapimwa tena kuanzia alfajiri hadi saa sita. Safi kama sahani iliyooshwa.

Waya alikuja bila kuitwa. Aliishika ile ya zamani kwenye mwanga wa dirisha kana kwamba ubovu ungeonekana.

"Lakini mbona ilikuwa nzima kabla hujaniletea ya pili?" Mama Rula aliuliza.

"Ilikuwa nzima kweli? Haikuwahi kuganda?"

Akafikiri. Iliwahi. Mara moja kwa mwezi, pengine mbili, na kila mara alilaumu umeme.

"Basi ilikuwa inaumwa pole pole. Kwa nini imezidi mwezi huu, shemeji, sitakudanganya tena. Sijui."

"Kikulacho ki nguoni mwako," mama mkwe alisema kwa raha ya mtu ambaye mwanawe ameonekana hana hatia.

Hapo ungedhani mambo yamekwisha; bado. Mhandisi hakufurahi aliposikia ramani haitafika siku ile. Alimpa hadi Jumatatu mchana, na akasema wazi kwamba hakuna Jumanne. Na kila faili iliyohifadhiwa ndani ya wiki zile tatu ilikuwa imepita kwenye kumbukumbu mbovu. Hakuna programu ya kumwambia ni namba ipi ya kweli na ipi ya uongo. Ilibidi kusoma zote, vyumba kumi na vinne, milango, madirisha, unene wa kuta, kwa kulinganisha na daftari.

Mume angesaidia lakini alikuwa zamu. Waya alikuwa na wateja. Jumamosi asubuhi mama mkwe alijivutia kiti, akavaa miwani, akalipokea daftari.

"Mimi nasoma, wewe unatazama," alisema. "Chumba cha dawa. Tatu nukta sita kwa nne."

"Ndiyo."

"Mlango, sufuri nukta tisa."

"Ndiyo."

Walikwenda hivyo kwa saa nzima. Macho yalimwuma Mama Rula, mgongo ukakaza, na bado walikuwa hawajafika hata nusu. Kwenye choo cha wagonjwa mama mkwe akasita.

"Dirisha, juu kutoka sakafuni, moja nukta tano."

Kwenye skrini ilikuwa tisa nukta tano. Dirisha la choo juu angani, kupita paa lenyewe.

Mama Rula alijisikia kucheka na kutukana kwa pamoja, akatoa puani kitu kati ya hayo mawili. Akafuta tisa, akaandika moja, akahifadhi, akafunga faili, akaifungua tena kuhakikisha. Moja.

"Tuendelee, mama."

Mama mkwe alikuwa akipitisha kidole kwenye daftari, kikapanda, kikashuka, kikasimama.

"Nimepoteza mstari," alisema. "Tuanze tena kwenye mlango wa choo."

Mama Rula alivuta pumzi ndefu, akasogeza mausi hadi kwenye mlango wa choo.

"Haya. Soma."