Njia ya Gharibu

Kaka yangu Gharibu hakuona tangu surua ya utotoni, lakini mtaa wetu hapa Kasulu aliujua kuliko sisi wenye macho. Mume wangu Nurudini alipofariki, kaka alihamia kwangu na sharti moja tu.

"Asma, usinishike mkono. Siku nitakayoshikwa mkono kwenda msikitini, nihesabuni nimekufa."

Kila adhuhuri alitoka na fimbo yake akifuata ukingo wa vibaraza, mtaro ukiwa upande wake wa kushoto. Wafanyabiashara walimwachia upenyo wa kupita mtu mmoja. Tukauita njia ya Gharibu. Mgeni akitandika bidhaa pale, aliambiwa, "Hapo pana mwenyewe."

Halafu mji ukakua. Mabasi yakaongezeka, soko likafurika mpaka mtaani kwetu, kila kibaraza kikazaa meza. Mimi mwenyewe niliuza mawese na dagaa mbele ya mlango wangu, juu ya meza aliyoichonga marehemu. Jirani yangu Fidele, muuza redio na chaja, akaisogeza ya kwake mbele shibiri moja. Wateja wakawa hawanioni.

"Fidele, umeniziba."

"Sijakuziba, mama, nimesogea. Na wewe sogea. Biashara ni kuonekana."

"Na kaka yangu apite wapi?"

"Mzee yule ana rada. Atapita tu."

Watu wakacheka. Nami nikacheka. Kwa kicheko kile namwomba Mungu msamaha hadi leo.

Nikasogea. Fidele naye akasogea tena. Kila nilipochukua shibiri yangu nilimwambia kaka, "Leo pita kushoto kidogo," naye aliitika "Haya," asiulize kwa nini.

Siku moja ya gulio, wanawake wa kijiji cha Kagerankanda walishuka na ndizi na maharage yao, wakajaa mpaka barabarani. Kaka alikwenda kuswali na njia yake ikiwapo. Akiwa huko kwenye sijda, mimi niliisukuma meza hadi ukingoni mwa mtaro. Nikasema moyoni, ni leo tu.

Nilimwona akirudi, kanzu nyeupe, mwendo wa mtu anayejua aendako. Nilikuwa na chupa ya mteja mkononi na "karibu, mama" mdomoni. Fimbo yake ilipita chini, katikati ya miguu ya meza, haikugusa kitu. Akaigonga meza kwa tumbo, akaanguka nayo mtaroni. Mawese yalimmwagikia kichwa mpaka miguu, mtu mmoja akalia kwamba ni damu.

Walipoinama kumtoa, mkono wake ulikuwa unapapasa ubao. Ukafika kwenye ile pembe iliyopasuka, ambayo Nurudini aliifunga kwa kipande cha bati. Vidole vikasimama hapo.

"Umegonga meza ya nani, mzee?" Fidele aliuliza.

"Sikugonga meza," kaka alisema. "Mguu umeteleza."

Kifundo cha mguu kilipona baada ya wiki sita. Siku aliyosema atakwenda tena msikitini, niliamka mapema nikairudisha meza mpaka ukutani. Ilipokaribia adhuhuri, kijana muuza ndala alikuwa ametandika turubai lake palepale.

"Hapo pana mwenyewe," nikamwambia.

Alitazama huku na huku, kwa adabu kabisa. "Yuko wapi, mama?"

Kaka alikuwa nyuma ya mlango, amekwishatawadha, amevaa kanzu ileile. Doa la mawese lilikataa sabuni zote. Alikuwa amesikia. Akaiegemeza fimbo ukutani, taratibu, kama mtu anayelaza mtoto, halafu akaunyoosha mkono.

"Asma. Nishike, tutachelewa."

Nikamshika. Mkono wangu ulikuwa bado unanuka dagaa.